Daftari la Madeni Ndani ya Simu: Kujenga na Kutunza Kanzidata kwa Flutter na SQLite

Mwenye duka la mtaani anayekopesha sukari robo, sabuni na vocha hana muda wa kungoja mtandao. Mteja yuko dirishani, mwingine nyuma yake anaita, na deni lazima liandikwe sasa hivi. Programu inayozunguka tu ikitafuta seva itaachwa siku hiyohiyo, na daftari la karatasi litarudi mezani. Kwa hiyo katika programu ya namna hii, kanzidata iliyomo ndani ya simu ndiyo daftari lenyewe. Seva, kama ipo, inabeba nakala. Ukianza na msimamo huo, maamuzi mengi yanayofuata yatakuwa rahisi.

Mwongozo huu unatumia Flutter, zana ya kujengea programu za simu kwa lugha ya Dart, pamoja na kifurushi cha sqflite, ambacho kinaendesha kanzidata ya SQLite. D. Richard Hipp alianza kuitengeneza SQLite mwaka 2000. Haina ada, imo tayari ndani ya Android na iOS, na kanzidata nzima hukaa kwenye faili moja. Anayeandika programu za Android kwa lugha ya Kotlin na kifurushi cha kanzidata cha Room atakuta kanuni ni zilezile, kwa kuwa chini yake kuna SQLite hiyohiyo. Kama unachotaka kuhifadhi ni lugha aliyochagua mtumiaji au rangi ya skrini, usijisumbue na kanzidata, kifurushi cha shared_preferences, cha kuhifadhi mipangilio midogo, kinatosha. Kanzidata inahitajika pale vitu vinapohusiana: mteja ana madeni, deni lina malipo, malipo yana tarehe.

Hatua ya 1: Chora majedwali kabla ya kuandika msimbo

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Kitufe kibaya utakirekebisha wiki ijayo. Jedwali baya likishaingia kwenye simu za watu, utaishi nalo. Kwa daftari letu tunaanza na majedwali mawili:

```sql
CREATE TABLE wateja (
  id TEXT PRIMARY KEY NOT NULL,
  jina TEXT NOT NULL,
  utambulisho TEXT,
  simu TEXT
);

CREATE TABLE maingizo (
  id TEXT PRIMARY KEY NOT NULL,
  mteja_id TEXT NOT NULL REFERENCES wateja(id),
  aina TEXT NOT NULL CHECK (aina IN ('mkopo', 'malipo')),
  senti INTEGER NOT NULL CHECK (senti > 0),
  maelezo TEXT,
  wakati INTEGER NOT NULL,
  limefutwa INTEGER
);

CREATE INDEX idx_maingizo_mteja ON maingizo (mteja_id, wakati);
```

Tuanze na fedha. Zihifadhi kama namba nzima, kwa senti, hata kama dukani hakuna anayelipa kwa senti. Namba za desimali kwenye kompyuta hazishiki thamani kamili: jumlisha 0.1 na 0.2 ndani ya Dart upate 0.30000000000000004. Katika maingizo mia kadhaa tofauti hizo hukusanyika, na siku mteja anapobishana na mwenye duka kuhusu deni, programu haipaswi kuwa sehemu ya ugomvi. Gawanya kwa 100 wakati wa kuonyesha kwenye skrini tu.

Namba ya simu iwe maandishi. Ukiipa safu (column) ya INTEGER, yaani ya namba nzima, SQLite itaigeuza kuwa namba na sifuri ya mbele itapotea. Jina nalo usilifanye la pekee. Mtaa mmoja unaweza kuwa na akina Mama Juma watatu, na mwenye duka anawajua kama Mama Juma wa kona, Mama Juma chapati na Mama Juma wa kwa mzee. Safu ya utambulisho ni ya maneno hayo, na iache awe huru kuandika anachotaka.

Wakati uhifadhi kama milisekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za UTC, yaani saa za marejeo za dunia. SQLite haina aina maalumu ya tarehe, na hilo huwachanganya wengi wanaotoka kwenye MySQL. Angalia ugeuzaji: deni lililoandikwa saa saba na nusu usiku Dar es Salaam, kwa UTC bado ni saa nne na nusu ya usiku wa jana yake. Usipozingatia tofauti hiyo, mauzo ya usiku yatahesabiwa siku isiyo yake. Wapo wanaoandika saa tatu za kuongeza moja kwa moja kwenye ulizo (query), yaani amri ya kusoma data. Usifanye hivyo, kwa sababu Kigali, Bujumbura na Goma wako saa mbili mbele ya UTC. Tumia 'localtime', simu ijue yenyewe iko wapi.

Vitambulisho vya mistari tumevifanya maandishi kwa makusudi. Namba zinazojiongeza, 1, 2, 3, ni nzuri mpaka siku mwenye duka anaponunua simu ya pili kwa ajili ya kijana wake. Simu zote mbili zitakuwa na ingizo namba 57, na mambo mawili tofauti yatagongana kwenye seva. Tumia kifurushi cha uuid, kila simu itengeneze kitambulisho kisichofanana na cha nyingine. Na usiache NOT NULL pembeni ya PRIMARY KEY: SQLite, kwa kasoro ya zamani iliyoachwa ili isivunje programu zilizokwishaandikwa, huruhusu NULL, yaani nafasi tupu, kwenye ufunguo mkuu usio wa INTEGER.

La mwisho kwenye mchoro ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: usihifadhi salio. Ukiweka safu ya salio kwa mteja, utakuwa na ukweli sehemu mbili, na siku sehemu hizo zikitofautiana hutajua ushike upi. Hifadhi matukio, yaani alikopa na alilipa, kisha salio likokotolewe. Vivyo hivyo, ingizo lililokosewa lisifutwe kabisa. Safu ya limefutwa ibaki NULL kwa ingizo lililo hai, na ipewe wakati pale mwenye duka anapolifuta, ili akiulizwa kesho aweze kuonyesha nini kilibadilika na lini.

Hatua ya 2: Weka vifurushi

Ndani ya folda ya mradi endesha amri moja:

```
flutter pub add sqflite path uuid
```

Hatua ya 3: Fungua kanzidata mara moja tu

Kanzidata ifunguliwe na sehemu moja ya programu, na sehemu nyingine zote ziombe kutoka hapo.

```dart
class Kanzidata {
  Kanzidata._();
  static final Kanzidata moja = Kanzidata._();

  Future<Database>? _db;
  Future<Database> get db => _db ??= _fungua();

  Future<Database> _fungua() async {
    final njia = join(await getDatabasesPath(), 'daftari.db');
    return openDatabase(
      njia,
      version: 1,
      onConfigure: (db) => db.execute('PRAGMA foreign_keys = ON'),
      onCreate: _unda,
    );
  }
}
```

Tazama kwamba kinachotunzwa ni Future, yaani ahadi ya kanzidata itakayofunguka, wala si Database yenyewe. Skrini mbili zikiomba kanzidata kwa wakati mmoja programu inapowaka, zote zitangoja ufunguzi uleule badala ya kila moja kufungua wake.

Mstari wa foreign_keys usiuruke. SQLite haikagui mahusiano ya majedwali mpaka uiambie, na lazima uiambie kila unapofungua. Bila hivyo unaweza kuingiza deni la mteja asiyekuwepo na hakuna atakayelalamika. Amri hiyo haifanyi kazi ikiwa ndani ya transaksheni (kundi la amri zinazofungwa pamoja, tutaliona Hatua ya 5), ndiyo maana imewekwa kwenye onConfigure na si kwenye onCreate.

Ndani ya _unda, andika db.execute kwa kila CREATE peke yake. Ukibandika amri tatu ndani ya maandishi mamoja, Android haitaziendesha zote, na utatafuta jedwali la pili usilione.

Hatua ya 4: Kuandika na kusoma

Kuingiza mkopo ni hivi:

```dart
await db.insert('maingizo', {
  'id': const Uuid().v4(),
  'mteja_id': mtejaId,
  'aina': 'mkopo',
  'senti': 350000,
  'maelezo': 'Unga kilo mbili',
  'wakati': DateTime.now().millisecondsSinceEpoch,
});
```

Unapotafuta, usiunganishe maandishi ya mtumiaji ndani ya SQL. Tumia alama ya kuuliza:

```dart
final rows = await db.query(
  'wateja',
  where: 'jina LIKE ?',
  whereArgs: ['%$neno%'],
);
```

Sababu ya usalama inajulikana sana, lakini kwetu kuna sababu ya karibu zaidi. Mwenye duka akimtafuta Ng'wandu au Nyang'au, ile alama ya juu iliyo ndani ya jina itafunga maandishi ya SQL katikati na ulizo litavunjika. Lugha yenye ng'ombe na ng'ambo haiwezi kutumikiwa na msimbo unaoogopa alama hiyo. Ukitumia alama ya kuuliza, tatizo halipo.

Orodha ya wadaiwa, ambayo ndiyo skrini itakayofunguliwa kuliko zote, inatoka kwenye ulizo hili:

```sql
SELECT w.id, w.jina, w.utambulisho,
  COALESCE(SUM(CASE m.aina WHEN 'mkopo' THEN m.senti
                           ELSE -m.senti END), 0) AS salio
FROM wateja w
LEFT JOIN maingizo m
  ON m.mteja_id = w.id AND m.limefutwa IS NULL
GROUP BY w.id
ORDER BY salio DESC;
```

Sharti la limefutwa limewekwa kwenye ON kwa makusudi. Ukilipeleka kwenye WHERE, mteja ambaye maingizo yake yote yamefutwa atatoweka kwenye orodha, na mwenye duka atadhani amempoteza.

Ripoti ya mikopo kwa siku ni fupi:

```sql
SELECT date(wakati / 1000, 'unixepoch', 'localtime') AS siku,
       SUM(senti) AS jumla
FROM maingizo
WHERE aina = 'mkopo' AND limefutwa IS NULL
GROUP BY siku
ORDER BY siku DESC
LIMIT 30;
```

Kuhusu kasi, usihangaike mapema. Maingizo elfu kadhaa ni kazi ndogo kwa SQLite hata kwenye simu ya bei nafuu. Ile indeksi (orodha ya kuharakisha utafutaji) tuliyoiweka kwenye mteja_id ni ya lazima, kwa kuwa SQLite haitengenezi indeksi yenyewe kwa ufunguo unaorejea jedwali jingine. Zaidi ya hapo ongeza indeksi pale tu unapoona ucheleweshaji. Tanguliza EXPLAIN QUERY PLAN mbele ya ulizo lako: jibu likianza na SCAN kwenye jedwali kubwa, linasomwa lote; likianza na SEARCH, indeksi inatumika.

Hatua ya 5: Yanayokwenda pamoja yafungwe pamoja

Tuseme umeongeza jedwali la bidhaa, na kila mkopo unapunguza idadi iliyo rafuni. Sasa kuna maandishi mawili: deni na idadi. Simu ikizimika kati ya la kwanza na la pili, au Android ikiiua programu kwa sababu kumbukumbu imejaa, deni litakuwepo lakini unga utaonekana bado upo. Transaksheni huzuia hilo: ama yote mawili yaandikwe, ama lisiandikwe hata moja.

```dart
await db.transaction((txn) async {
  await txn.insert('maingizo', ingizo);
  await txn.rawUpdate(
    'UPDATE bidhaa SET idadi = idadi - ? WHERE id = ?',
    [2, bidhaaId],
  );
});
```

Ndani ya mabano hayo tumia txn peke yake. Ukijisahau ukaita db, itangoja transaksheni imalizike, na transaksheni inaingoja yenyewe. Programu itaganda bila kumwonyesha mtumiaji kosa lolote. Ukiona skrini imekwama baada ya kubonyeza hifadhi, anza kutafuta hapo.

Transaksheni pia huongeza kasi. Ukiingiza orodha ya wateja mia tano mmoja mmoja, kila mmoja ni safari yake ya kwenda kwenye hifadhi ya simu. Tumia batch, inayokusanya amri zote pamoja, kisha commit mara moja.

Hatua ya 6: Kupandisha toleo bila kupoteza deni la mtu

Toleo la kwanza limetoka, watu wanalitumia, na sasa wanaomba uweke tarehe ambayo mteja ameahidi kulipa. Unahitaji safu mpya. Ukibadilisha CREATE TABLE peke yake, simu mpya zitaipata, lakini zile za zamani hazitaiona, kwa kuwa onCreate huendeshwa pale tu faili linapokuwa halipo. Kazi hii ni ya onUpgrade, utakayoielekeza kwenye _pandisha iliyo hapa chini. SQLite hutunza namba ya toleo ndani ya faili lenyewe, kwenye user_version, na sqflite huilinganisha na namba uliyoandika kwenye openDatabase.

```dart
Future<void> _pandisha(Database db, int zamani, int mpya) async {
  if (zamani < 2) {
    await db.execute(
      'ALTER TABLE maingizo ADD COLUMN ahadi INTEGER');
  }
  if (zamani < 3) {
    await db.execute('''
      CREATE TABLE bidhaa (
        id TEXT PRIMARY KEY NOT NULL,
        jina TEXT NOT NULL,
        idadi INTEGER NOT NULL DEFAULT 0
      )''');
  }
}
```

Zile if zimewekwa moja baada ya nyingine, bila else, na hazifanani na switch inayochukua njia moja. Watumiaji wetu hawapandishi toleo kila mara. Bando ni ghali, simu imejaa, na wengine wanarushiana APK kwa WhatsApp au Bluetooth. Mtu anaweza kukaa na toleo la kwanza muda mrefu, kisha akaruka moja kwa moja hadi la tatu. Msimbo lazima umpitishe kila ngazi. Na hatua iliyokwisha kutoka kwa umma usiiguse tena. Kama ina kosa, andika hatua mpya inayolirekebisha. Wakati huohuo, onCreate itengeneze majedwali kama yalivyo sasa, pamoja na ahadi na bidhaa.

Jihadhari na toleo la SQLite lililomo ndani ya simu. Kwa kawaida sqflite hutumia lile lililokuja na Android, na hutofautiana sana. Kuondoa safu kwa DROP COLUMN kulianza kwenye SQLite 3.35 ya mwaka 2021, lakini Android 13 bado ina 3.32. Ile ON CONFLICT DO UPDATE ilianza na 3.24, huku Android 10 ikiwa na 3.22. Amri itafanya kazi vizuri kwenye simu yako mpya, kisha ianguke kwenye simu ya mwenye duka. Ukitaka kuondoa safu, njia inayokubalika kila mahali ni kutengeneza jedwali jipya, kunakili data, kufuta la zamani, na kulipa jipya jina lile.

Kuna njia za mkato zinazoifuta kanzidata yote pale matoleo yasipolingana: onDatabaseDowngradeDelete kwa sqflite, na fallbackToDestructiveMigration kwa Room. Zinafaa kwa data inayoweza kupakuliwa tena, kama orodha ya habari. Kwenye daftari la madeni zisionekane kabisa. Ni afadhali programu ikatae kufunguka, ikieleza sababu kwa Kiswahili, kuliko kufunguka ikiwa tupu.

Hatua ya 7: Nakala rudufu

Mtumiaji akiondoa programu, kanzidata inakwenda nayo. Akiingia kwenye mipangilio na kubonyeza kufuta data ili apate nafasi ya picha, inakwenda pia. Na simu huibwa, huanguka kwenye maji. Kama data ya asili iko kwenye simu, basi nakala si nyongeza ya kuwekwa baadaye. Iwe kwenye toleo la kwanza.

Tangu Android 6.0, mfumo unaweza kutunza nakala ya data ya programu kwenye Google Drive, hadi MB 25. Usiitegemee peke yake. Kwa kawaida hungoja simu iwe imetulia, inachajiwa na iko kwenye Wi-Fi, na wenye maduka wengi hawana Wi-Fi. Weka kitufe kinachotengeneza faili la nakala, kisha kimruhusu mwenye duka alitume anakotaka: kwenye WhatsApp ya mwanawe, kwenye barua pepe, au kwenye kadi ya kumbukumbu.

Kunakili faili kuna mtego wake. Kanzidata ikiwa wazi, pembeni ya daftari.db kunaweza kuwa na faili linaloishia na -wal au -journal, na maandishi ya karibuni yanaweza kuwa humo. Ukichukua daftari.db peke yake unaweza kuacha madeni ya leo asubuhi. Funga kanzidata kwanza kwa close, ubatilishe ile _db iliyotunzwa, nakili, kisha fungua tena.

Wakati wa kurejesha, usiandike juu ya faili lililopo kabla ya kulikagua linaloingia. Lifungue pembeni kwa kusoma tu, endesha PRAGMA integrity_check, na uendelee iwapo jibu ni ok. Faili la sasa libadilishwe jina, lisifutwe, mpaka jipya lifunguke. Nakala ikiwa ya toleo la zamani hakuna shida, onUpgrade itaipandisha.

Hatua ya 8: Siri za wateja

Majina ya watu, namba zao na wanachodaiwa si mambo ya kuachwa wazi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, na Tanzania ina ya 2022. Zote zinamhusu anayekusanya taarifa kama hizi. Faili lililo kwenye folda ya programu halisomwi na programu nyingine, isipokuwa simu iwe imefunguliwa root, yaani vizuizi vya mfumo vimeondolewa. Kwa ulinzi zaidi ipo sqflite_sqlcipher, inayofunga faili zima kwa ufunguo, na ufunguo huo ukae kwenye hifadhi salama ya mfumo. Ila fikiria nakala: ufunguo uliobaki kwenye simu iliyoibwa hauwezi kufungua faili lililohamia simu mpya. Nakala ifungwe kwa nenosiri analolijua mwenye duka mwenyewe, na aambiwe wazi kwamba akilisahau, hakuna wa kumfungulia.

Hatua ya 9: Jaribu kabla ya kutoa

Kifurushi cha sqflite_common_ffi hukuwezesha kuendesha majaribio ya kanzidata kwenye kompyuta, bila simu. Tunza faili moja la kila toleo ulilowahi kutoa, likiwa na data ya mfano, na kila mara jaribio lifungue yote kwa msimbo mpya. Kisha nenda kwenye simu halisi, tena ya zamani, yenye nafasi ndogo. Ingiza mkopo na uiue programu papo hapo. Badilisha tarehe ya simu. Tafuta jina lenye ng'. Mwisho tengeneza nakala, ipeleke simu ya pili na uirejeshe. Jumla ya madeni kwenye simu hizo mbili ikitofautiana hata kwa shilingi moja, usitoe toleo hilo.